Bei Ipande, Faida Ibaki

Nauza maji Mishomoroni, Kisauni. Kioski changu kiko ndani kidogo, mbali na barabara ya lami, na wateja wangu wengi ni wapangaji wa nyumba za Kiswahili: vyumba sita au vinane chini ya paa moja, choo cha shimo uani, na mfereji unaotoa maji siku unayotaka wenyewe. Kazi hii nimeifanya tangu watoto wangu wakiwa shule ya msingi. Leo mmoja wao ndiye anayeniwekea hesabu. Kila yakitokea maafa, iwe mvua ya gharika, umeme kuzimika au maradhi, swali huwa lile lile, na huulizwa kwa sauti ya kusikika na foleni nzima: "Mama, mtungi jana ishirini, leo thelathini. Hata huruma huna?"

Anayeuliza ana haki. Nami jibu ninalo, ingawa halimpendezi kila mtu. Bei ya kitu cha lazima inaweza kupanda siku ya maafa na muuzaji asiwe mwizi. Kisichofaa kupanda ni faida yake.

Kwanza nieleze maji haya hutoka wapi, maana anayejua njia ya maji ataielewa bei yake. Bomba la Mzima huanzia kwenye chemchemi za Tsavo Magharibi na kusafiri zaidi ya kilomita 200 mpaka Mombasa. Lilijengwa miaka ya 1950, mji ukiwa na watu wachache mno kuliko sasa. Maji ya Baricho huvutwa kutoka visima vilivyochimbwa kandokando ya Mto Sabaki, kaunti ya Kilifi. Ndugu zetu wa Likoni hutazama upande wa Kwale, kwenye visima vya Tiwi na chemchemi ya Marere katika Milima ya Shimba. Vyote hivyo vikijumlishwa, mji hupata chini ya nusu ya maji unayohitaji, hata siku za shwari. Sisi wa Kisauni bomba letu hutoka kaskazini. Bomba hilo ni Baricho, Baricho ni pampu, na pampu ni umeme. Stima ikipotea kule, huku mfereji hutoa hewa tupu. Ndiyo maana mgeni hushangaa kukuta watu wamepanga mitungi foleni huku mvua inawanyeshea.

Nina matangi mawili ya lita 10,000. Moja ni la maji ya chumvi ya kisima, ya kufulia na kuoshea. La pili ni la maji matamu, ya kunywa na kupikia. Mfereji ukitoka, hilo la pili nalijaza kwa bei ya kampuni ya maji, na siku hizo bei yangu hushuka bila mtu kuniomba. Usipotoka, naita boza. Boza la lita 10,000 ni mitungi 500 ya lita 20. Nikilinunua kwa shilingi 7,000, kila mtungi umenigharimu shilingi 14, na bado sijamlipa kijana anayenisaidia, sijalipa kodi ya kiwanja, sijahesabu maji yanayomwagika. Nauza 20. Boza likipanda hadi 12,000, mtungi umenigharimu 24, nami nauza 30. Ziweke hesabu hizo mbili pamoja: bei imepanda shilingi 10, na kilichobaki mkononi mwangu ni zile zile 6. Anayekuja kunifokea ameziona kumi. Sita hajaziona, kwa sababu hakuna aliyemwonyesha.

Basi mimi humwonyesha. Kando ya dirisha la kioski nina ubao mweusi, na kila asubuhi mwanangu huandika kwa chaki mistari miwili: boza la leo limenunuliwa kwa kiasi gani, na mtungi wa leo unauzwa kwa kiasi gani. Kelele haziishi, lakini hubadilika. Watu huacha kuuliza kama nina huruma na huanza kuuliza kwa nini boza limepanda, na hilo ndilo swali lenye maana.

Novemba 2023 mvua za El Niño ziliipiga Pwani yote. Vichochoro vya Kisauni vilijaa maji, vyoo vikafurika, na tarehe 11, Jumamosi usiku, umeme ukazimika karibu nchi nzima. Ilikuwa mara ya pili katika miezi mitatu. Mara ya kwanza ni Agosti 25, na ya tatu ikaja Desemba 10. Katika majira hayo nilishuhudia bei zikipandishwa na watu wa namna tatu, na tangu hapo sikubali wakiwekwa kapu moja.

Wa kwanza ni vijana wa mikokoteni. Siku ya kawaida kijana huchota kwangu mtungi kwa 20 akamfikishia mtu mlangoni kwa 30. Mvua ile walidai 50 na zaidi. Nilimsikia mama mmoja akimwita mlanguzi kijana aliyekuwa amezama matopeni mpaka magotini, gurudumu limekwama, mkokoteni umejaa mitungi. Huyo hakupandisha bei ya maji. Alipandisha bei ya mgongo wake. Siku ya jua huenda safari kumi, siku ile zilikuwa nne, na kesho yake angeweza kuamka na homa asilipwe na mtu. Hatari aliyoibeba ni gharama kama dizeli ilivyo gharama.

Wa pili ni wenye maboza. Wao huchota kwenye visima vya watu binafsi, na stima ikipotea visima hivyo huendeshwa kwa jenereta. Barabara zikiharibika, gari hutumia mafuta mengi kwa safari chache. Kwa hiyo bei ya boza ilikuwa na sababu ya kupanda. Ilikuwa na sababu ya kupanda kiasi gani? Hapo ndipo giza lilipo, kwa sababu boza halikupi risiti. Dereva hukutajia bei kwa simu, ukisitasita anakwenda kwa mwingine.

Wa tatu ni tajiri mmoja wa mtaa, simtaji, ambaye matangi yake yalikuwa yamejaa kabla mvua hazijaanza. Alifunga geti. Akangoja mtungi ufike 50 mtaani, kisha akafungua kwa 60. Hakuongeza dizeli, hakuongeza kibarua, hakuongeza hata tone la maji kwa mji huu. Alichoongeza ni kungoja. Wahenga walisema kufa kufaana, na wako wanaoisoma methali hiyo kama ruhusa.

Binti wa dada yangu anasoma uchumi chuo kikuu, na tukikutana Idi hatumalizi mjadala huu. Yeye husema bei kubwa ina kazi mbili. Hufanya watu wabane matumizi: maji yakiwa 60 hakuna atakayeosha baraza. Tena huita wauzaji kutoka mbali: anayesikia Kisauni mtungi ni 60 atalileta boza lake kutoka kokote. Ukizuia bei, anasema, utaua kazi zote mbili.

Namkubalia nusu. Watu hubana, kweli. Lakini asiyeweza kulipa 60 haachi kunywa. Huenda kwenye kisima cha wazi nyuma ya nyumba, hatua chache kutoka choo cha shimo kilichofurika usiku ule. Kenya ilikuwa imeingia kwenye mlipuko wa kipindupindu tangu Oktoba 2022, na kila mwenye akili mtaani alijua kisima kile kina nini baada ya mvua. Nguo ikiwa ghali, asiyeiweza hubaki na ya zamani, na gharama humwishia yeye. Maji yakiwa ghali, mtoto wa chumba cha tatu huugua, na nyumba nzima hutumia choo kimoja.

Na hiyo kazi ya kuita maji kutoka mbali? Hufanyika pale njia inapopitika na maji yapo. Kama boza linaweza kutoka Mtwapa kwa kuongezewa mafuta, liongezee, na bei ipande kwa kiasi hicho. Lakini tatizo likiwa pampu za Baricho hazina umeme, bei ya 60 Mishomoroni haiwashi pampu. Inachofanya ni kuamua nani atapewa yale yaliyomo matangini tayari, na uamuzi huo huangukia mwenye pesa badala ya mwenye mtoto mchanga.

Huyu binti, kwa haki yake, ndiye aliyenisomea utafiti wa mwaka 1986 wa Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler. Waliwauliza watu wa Canada kuhusu duka lililokuwa likiuza sepetu za kuzolea theluji kwa dola 15, na asubuhi ya baada ya dhoruba likazipandisha hadi 20. Watu 82 kwa kila 100 walisema si haki. Lakini duka likiwa limeuziwa mboga ghali kwa jumla, nalo likapandisha bei yake, wengi walisema ni sawa. Niliposikia hivyo nilicheka. Watu wa nchi ya barafu wana ubao wangu vichwani mwao. Mteja hakasirishwi na kupanda kwa bei peke yake. Humkasirisha kuona shida yake imegeuzwa mtaji.

Waislamu wa mtaa wetu wanao msingi wa zamani zaidi. Ustadhi wetu alitukumbusha baada ya swala ya Ijumaa kwamba Mtume alipoombwa na watu wa Madina awawekee bei, wakati vitu vimepanda, alikataa, akahofia kumdhulumu mtu katika mali yake. Muuzaji mmoja aliyekaa safu ya mbele alitabasamu aliposikia hayo. Kisha ustadhi akaendelea na Hadithi nyingine, iliyomo katika Sahihi Muslim, inayomhesabu mwenye kuhodhi bidhaa kuwa mkosaji. Zote mbili ni za Mtume yule yule. Mimi nazielewa hivi: bei iliyopandishwa na ukame au gharika usimlaumu nayo muuzaji, bei iliyopandishwa na geti lililofungwa ina mwenyewe.

Wako wanaosema basi uza kwa bei ya jana, yaishe. Hayaishi. Nikiuza kwa 20 na mtaa mzima unauza 50, kabla ya saa nne asubuhi mikokoteni imelimaliza tangi langu, na maji yale yale yanauzwa kona ya pili kwa 50. Huruma yangu imeingia mfuko wa mtu mwingine, na bibi kizee anayekuja saa sita hakuti kitu. Nchi nzima iliona jambo hili mwaka 2017, serikali ilipotoa ruzuku na pakiti ya unga ya kilo mbili ikawekwa shilingi 90. Bei ilikuwa nzuri. Unga ndio ulikuwa wa kutafutwa. Ulikuwa ukisikia duka fulani limepata, unakimbia, unakuta rafu tupu. Mwaka 2022, karibu na uchaguzi, uliposhushwa hadi 100, tuliona yale yale.

Kwa hiyo bei ya huruma lazima ifuatane na kipimo. Siku za maafa kioski changu kina kanuni: mitungi mitatu kwa chumba, wajawazito na wazee wasipange foleni, mikokoteni ichote mchana baada ya watu wa mtaa, na kijana aniambie anapeleka wapi. Hili linawezekana kwangu kwa sababu nawajua watu. Najua nyumba ipi ina watoto wanne na ipi ina mlevi mmoja. Duka kubwa la mjini haliwezi kujua hayo, lakini linaweza kuweka idadi kwa kila mnunuzi, na mwaka 2020 maduka mengi duniani yalifanya hivyo kwa karatasi za choo na dawa za kuulia viini.

Liko swali moja gumu ambalo wateja hawaliulizi, na wafanyabiashara wote wanalijua. Tangi langu limejaa maji niliyonunua kwa 7,000. Habari zinakuja kwamba boza sasa ni 12,000. Je, niuze kwa gharama ya zamani au mpya? Nikiuza kwa 20, mitungi 500 itanipa 10,000, na boza lijalo sitaweza kulinunua. Nitafunga, na mtaa utabaki na yule tajiri wa geti. Nikiuza kwa 30 toka leo, nimemtoza mtu kwa gharama ambayo sijaiingia. Wauzaji wengi hujibu upesi kwamba bidhaa huuzwa kwa bei ya kuinunua tena, na si uongo, duka lisilojaza rafu hufa. Lakini jibu hilo ndilo pia kichaka cha walanguzi: kila mmoja anaweza kudai boza lijalo litakuwa ghali.

Njia yangu ni kuhifadhi mapema. Katika zile shilingi sita, moja siili. Kila mtungi unaouzwa siku za shwari, shilingi moja huenda kwenye sanduku la chama chetu cha wauza maji. Tangi moja ni shilingi 500. Likijazwa na kuuzwa mara nne ni 2,000, na 2,000 ndilo pengo la kutoka 10,000 mpaka 12,000. Maafa yakija, tangi la zamani naliuza kwa bei ya zamani mpaka liishe, sanduku linajaza pengo, na tangi jipya linauzwa kwa bei mpya iliyoandikwa ubaoni. Mteja amelipa kidogo kidogo akiwa na uwezo, ili asinyang'anywe siku ambayo hana.

Nasema "hana" kwa kusudi, kwa sababu mjadala wa bei mara nyingi huusahau mfuko. Mwaka 2020 bei ya mtungi kwangu haikupanda hata shilingi, na bado maji yaliwashinda watu. Kafyu ilianza Machi 27, njia za kuingia na kutoka kaunti zikafungwa Aprili 8, hoteli za Nyali na Bamburi zikarudisha wafanyakazi nyumbani. Mpishi aliyekuwa akinunua mitungi sita kwa siku alianza kuomba mmoja, akiangalia chini. Wakati huo kila redio ilikuwa ikituambia tunawe mikono. Kilichookoa mtaa ule ni daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari, ndiyo, na la kwangu lilijaa majina ya watu ambao sikuwa na hakika watalipa lini. Wengi walilipa, wengine kwa hela, wengine kwa kazi. Muuzaji anayejisifu kwamba hakupandisha bei, lakini siku ya shida alifunga daftari, bado amewafungia watu geti.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Ushindani ya 2010 inakataza mwenendo wa kumkandamiza mnunuzi, na Machi 2020 Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliiamuru Cleanshelf Supermarkets iwatafute wateja iliowapandishia bei ya dawa ya kusafishia mikono na kuwarudishia ziada. Ilikuwa hatua njema. Ipo pia Sheria ya Udhibiti wa Bei ya 2011, aliyoitia saini Rais Kibaki, inayompa waziri uwezo wa kutangaza bidhaa kuwa muhimu na kuiwekea bei ya juu kabisa. Lakini angalia kwa nini duka kubwa lilikamatika: lina risiti, lina kompyuta, bei ya jana imeandikwa. Mlolongo wa maji ya Kisauni hauna karatasi hata moja toka kisimani mpaka mtungini. Mkaguzi akija, atamkuta nani? Atanikuta mimi, kwa sababu mimi ndiye mwenye dirisha. Mwenye kisima yuko nyuma ya ukuta, mwenye boza yuko barabarani, na wote wawili wameshakula chao. Kumpiga faini mwenye kioski kwa kuuza 30 maji aliyoyanunua kwa 24 ni kufunga dirisha la mwisho lililobaki wazi.

Ningekuwa na sauti kaunti, ningeomba mambo matatu kabla ya mvua nyingine. Kila boza linalouza maji lipewe leseni kwa sharti la kutoa risiti, hata ya mkono, yenye bei, tarehe na kisima lilikochota. Kioski kilazimishwe kuweka ubao wa mistari miwili, bei ya kununua na bei ya kuuza, na wazee wa mtaa wapewe ruhusa ya kulinganisha ubao na risiti. Na maafa yakitangazwa, fedha za msaada zilipie boza lifike kwenye vioski, tuuze kwa faida ile ile ya siku zote, badala ya kuleta lori moja la picha uwanjani ambako wenye nguvu huchota na wazee hurudi na mitungi mitupu.

Wenzangu wa Likoni na Changamwe watasema mambo yao yana njia nyingine, na ni kweli. Muuza unga, muuza dawa na muuza makaa kila mmoja ana boza lake. Lakini swali la kumuuliza kila mmoja wetu siku ya shida ni hilo hilo moja. Msituulize tu tumeuza kwa kiasi gani. Tuulizeni tumenunua kwa kiasi gani, na asiyetaka kujibu ndiye wa kupelekwa mbele ya sheria.